Kutoka Hai Sevastopol: Vidokezo 16 kwa Mchezaji wa Alien: Isolation

Gemu nyingi za kutisha humtia mchezaji hofu saa ya kwanza, kisha humkabidhi bunduki na hofu ikaisha. Alien: Isolation haifanyi hivyo. Ilitoka tarehe 7 Oktoba 2014, kazi ya Creative Assembly ya Horsham, Uingereza, chini ya kampuni ya Sega, na hadi leo wapo wengi wanaoianza kwa hamu na kuiachia njiani. Ukiwauliza sababu, watakwambia dude lile linaonea.

Kwa asiyeijua hadithi: ni mwaka 2137. Amanda Ripley, fundi mitambo, anamtafuta mama yake, Ellen Ripley, aliyepotea na chombo cha Nostromo miaka 15 nyuma, katika mkasa uliosimuliwa na filamu ya Alien ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Kinasa safari cha Nostromo kimeokotwa na kupelekwa Sevastopol, kituo cha anga kinachozunguka sayari ya gesi. Amanda anafika na kukuta taa zimezimika, mizigo imetapakaa, watu wachache waliobaki wanapigana risasi kwa woga, na juu ya vichwa vyao, ndani ya njia za hewa, kuna kiumbe mmoja, ndilo dude lenyewe, anayewamaliza mmoja baada ya mwingine.

Nasema kwa uhakika: dude halionei. Lina tabia, na kila tabia ina sababu yake. Ukizijua, utaacha kubahatisha na utaanza kucheza. Haya ndiyo mambo ya kushika.

1. Kubali kwamba huliui

Hakuna silaha ndani ya gemu hii inayoliua dude. Bastola haliisikii, bomu linalifukuza kwa muda tu, na mlio wa risasi unaliita kutoka mbali. Likikufikia na kukukamata, umekufa. Hakuna kitufe cha kujinasua. Creative Assembly ni watu wa Total War, gemu za majeshi yenye maelfu ya askari. Safari hii nguvu zao zote walizimimina kwa adui mmoja asiyeshindika.

Kwa hiyo badilisha hesabu yako ya ushindi. Ushindi ni kutoka chumba hiki kwenda kile ukiwa mzima. Kila unapofungua mlango, jiulize maswali matatu kabla ya kuingia: nitajificha wapi, nitatokea wapi, na sauti inatoka upande gani? Mchezaji anayejiuliza hivyo mlangoni huwa na majibu tayari balaa linapoanza.

2. Jua kwamba unawindwa na akili mbili

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachofungua vingine. Waundaji waligawa uwindaji huu sehemu mbili.

Ya kwanza tuiite Mwongozaji. Haonekani. Anajua muda wote Amanda alipo na dude lilipo. Kazi yake ni kupima presha unayobeba: dude likiwa karibu, likiwa mbele ya macho yako, au likionekana kwenye kifaa chako cha kugundua mwendo, kipimo kinapanda. Kikijaa, Mwongozaji analiondoa dude. Linaparamia njia za hewa na kukuacha upumue. Kipimo kikishuka, analirudisha jirani yako.

Ya pili ni akili ya dude lenyewe, nayo haijui ulipo. Mwongozaji huidokezea eneo tu, kana kwamba anasema "tafuta upande huu", halafu dude linatafuta kwa macho na masikio yake. Likikupata, limekupata kwa sababu umeonekana au umesikika.

Hapo pana mafunzo mawili. Kwanza, dude likizunguka karibu nawe kwa muda mrefu, usichanganyikiwe. Kila sekunde unayokaa kimya inausogeza wakati wa kuondoka kwake. Pili, likishaondoka, hapo hapo sogea. Wengi hujibanza kwenye kabati wakisubiri utulivu kamili, na utulivu huo mrefu ndio unaomwambia Mwongozaji kwamba umepumzika vya kutosha.

3. Vaa hedifoni

Macho yatakudanganya Sevastopol, kwa kuwa giza ni jingi na korido zinafanana. Masikio hayadanganyi. Vishindo vya bati juu ya kichwa maana yake dude lipo kwenye njia za hewa. Nyayo nzito zinazotikisa sakafu maana yake limeshuka na linatembea. Ukelele mkali maana yake limekuona, na muda wa kufikiri umekwisha.

Sauti hizi hazikuokotwa ovyo. Studio ya Fox iliwapa waundaji takriban terabaiti 3 za kumbukumbu za filamu ya 1979, zikiwemo picha, michoro na rekodi za sauti, na mwaka 2015 gemu hii ikashinda tuzo ya BAFTA kwa kazi ya sauti. Spika za televisheni hazitakuonyesha kama kishindo kimetoka kushoto au kulia, juu au nyuma yako. Hedifoni hata za bei ya kawaida zitakuonyesha.

Angalizo kwa wenye PlayStation 4 yenye kamera, au Xbox One yenye Kinect: kuna chaguo linaloruhusu maikrofoni kusikia chumba chako halisi, na kelele zako zikamfikia adui. Ukikohoa, umejitangaza. Lizime mpaka uwe mzoefu.

4. Kifaa cha mwendo: chungulia, kisha shusha

Kifaa kile chenye kioo cha kijani kitakuwa rafiki yako wa kwanza, na usipokitumia kwa kiasi, kitakuponza. Kinaonyesha vitu vinavyosogea tu. Dude likisimama tuli, nukta inapotea, na wewe utadhani limeondoka. Tena hakitofautishi juu na chini: nukta iliyo karibu kabisa nawe inaweza kuwa korido ya pili au darini juu ya utosi wako.

La hatari zaidi, kifaa hicho kinalia, na dude likiwa karibu linausikia mlio wake. Ndani ya kabati, huku dude likiwa nje ya mlango, kukiinua ni kujiita kwa jina. Pia ukikishika mbele ya uso, mandhari ya nyuma yake inakuwa ukungu, hivyo unaangalia nukta wakati adui mwenyewe anapita mbele yako.

Mazoea mazuri ni haya: kiinue kwa sekunde moja au mbili ukiwa umejificha nyuma ya kitu, soma upande wa nukta, tazama pia alama ya pembeni inayokuonyesha unakotakiwa kwenda, kisha kishushe. Kati ya uchunguliaji mmoja na mwingine, tumia masikio.

5. Chutama, na usikimbie bila sababu

Kukimbia kunatoa kelele, na kelele ni anwani. Dude lina mbio kuliko Amanda, kwa hiyo kukimbia mbele yake kwenye korido ndefu hakukuokoi. Kimbia katika hali mbili tu: roboti wanapokufuata na njia iko wazi, au unapokuwa hatua chache kutoka mlango utakaofungwa nyuma yako.

Muda mwingine chutama. Ukichutama, hatua zako hazisikiki sana na meza, makreti na vitanda vinakukinga. Tembea ukiwa wima pale tu unapokuwa na hakika kwamba lipo mbali. Na zima tochi. Mwanga wake unaonekana na adui, na betri zake si nyingi. Macho yako yataizoea nusu giza ya kituo baada ya muda mfupi.

6. Kabati ni pumziko fupi

Waliokua wakicheza kombolela wanajua: anayejibanza mahali pamoja mchezo mzima ndiye anayekutwa, na anayehama wakati mtafutaji amegeuka ndiye anayekomboa wenzake. Sevastopol ni hivyo hivyo. Kabati linakupa sekunde chache za usalama, si makazi.

Likikuona ukiingia, usihangaike, litang'oa mlango. Kama halikukuona, huenda likaja kunusa. Hapo gemu itakuelekeza kuegemea nyuma na kubana pumzi. Fanya yote mawili mapema, kabla uso wake haujafika kwenye matundu ya mlango. Ukibana pumzi kupita kiasi, afya ya Amanda inashuka, kwa hiyo achia mara linapogeuka.

Mimi hupenda zaidi meza na vitanda kuliko makabati. Chini ya meza unaona miguu yake inaelekea wapi, unaweza kuzunguka upande wa pili bila kufungua chochote, na unatoka kimya. Ujue pia kwamba ukilitegemea kabati kila mara, dude litazidi kuwa na shauku ya makabati. Baadhi ya tabia zake zimefungwa mwanzoni, kisha hufunguliwa kadiri safari inavyosonga na kadiri unavyorudia mbinu ileile. Badilisha.

7. Tazama dari

Kabla ya kupita chini ya tundu la hewa lililo wazi, inua macho. Ukiona ute unadondoka, usipite hapo kabisa. Dude limejilaza juu likikusubiri, na atakayepita chini yake atavutwa. Tafuta njia nyingine, hata kama ni ya mzunguko, au tupa kitu cha kelele mbali na hapo ili lishuke na kukifuata.

Ute huu ni onyo la haki kabisa ambalo waundaji wamekuwekea. Wengi hufa chini ya tundu kwa sababu walikuwa wakitazama nukta ya kijani.

8. Hifadhi, ila sikiliza kwanza

Gemu hii haihifadhi safari yako ovyo ovyo. Inabidi ufike kwenye kisanduku cha dharura ukutani, uchomeke kadi, na usubiri taa tatu ziwake moja moja. Sekunde hizo chache hazisimamishi kituo: dude linaweza kukuua kadi ikiwa bado mkononi. Kisanduku chenyewe hukuonya kama kuna adui karibu. Kiamini.

Fuata utaratibu huu. Fika, chutama, sikiliza, chungulia kifaa, ndipo usimame na kuchomeka. Hifadhi kila unapokamilisha jambo lenye maana: umepata kadi, umewasha jenereta, umefungua mlango mpya. Usiseme "nitahifadhi mbele", kwa maana hujui mbele ni umbali gani. Na ukiwa umehifadhi mahali pabaya huku dude likikukaribia, usikate tamaa; kisanduku kile hakikubali kutumika tena papo hapo, lakini muda mfupi baadaye kitafunguka.

9. Okota kila kitu, tengeneza mahali salama

Amanda ni fundi, na mikono yake ni silaha bora kuliko bastola. Vyuma chakavu, gundi na kemikali anazookota vinageuka kuwa vifurushi vya dawa, vitoa kelele, mabomu ya moshi, ya mwanga, ya kuzima umeme na ya petroli. Pekua kila droo na kila maiti, na usiache karatasi za michoro zinazokufundisha kutengeneza kitu kipya.

Mambo mawili ya kukumbuka. Moja, gemu haisimami unapotengeneza. Dirisha la vifaa likiwa wazi, dude linaendelea kutembea, kwa hiyo fanya ufundi wako ukiwa umejificha na eneo limetulia. Mbili, mfuko wa malighafi una kikomo. Ukijaa, weka sehemu za malighafi ndani ya vifaa ambavyo hujavimaliza. Zinahesabika kama zimetumika, na mfuko unapata nafasi ya kuokota zaidi. Mbinu hii ndogo itakupa dawa mbili tatu za ziada kufikia mwisho wa safari.

10. Itupe kelele mbali nawe

Kitoa kelele ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote kwa gharama ndogo. Dude lina masikio makali. Lipe cha kusikia. Kitupe upande ulio kinyume na unakokwenda, subiri mpaka nyayo zake zipite, kisha sogea. Usikitupe karibu nawe, na usikirushe likiwa linakutazama. Litafuata mkono uliokirusha.

Kuna matumizi mengine mazito. Sevastopol imejaa watu wenye silaha wanaolinda chakula na pembe zao, na wengi watakufyatulia wakikuona. Kitoa kelele kikianguka katikati yao, dude litashuka kwao. Mbinu hiyo itakufungulia njia bila kutumia risasi hata moja. Lakini tazama kwanza unaowatupia. Si kila mtu pale ni adui. Wapo wanaokuonya tu usogee mbali, na ukiondoa mguu wako wanakuacha. Waache nao waishi.

11. Moto ni wa dharura

Katikati ya safari utapata bunduki ya moto. Ndicho kitu kinachoweza kulirudisha dude nyuma likiwa linakuja, na bomu la petroli hufanya kazi hiyohiyo. Furaha ya kuipata inawafanya wachezaji wengi wamalize mafuta ndani ya dakika kumi, kisha wajikute mikono mitupu sehemu ngumu kuliko zote.

Puliza kidogo, mara moja, kisha ondoka eneo hilo. Usilifuate. Wakati mwingine kulielekezea tu mdomo wa bunduki kunatosha kulifanya lisite, na hapo umeokoa mafuta. Kumbuka kwamba linauzoea moto: kadiri unavyoutumia, ndivyo linavyokawia kukimbia, ndivyo linavyosimama nje ya mwako na kusubiri, na mwishowe linaweza kupita katikati ya miali kukufikia. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la Sevastopol likishakujua ndipo linapokula lote, kwa hiyo usilizoeshe.

12. Roboti wanahitaji akili nyingine

Kampuni ya Seegson inayomiliki kituo ilikijaza roboti waitwao Working Joe: nyuso nyeupe za mpira, sauti ya upole, macho yanayogeuka mekundu wanapokusudia kukunyonga. Hawakimbii. Hawachoki. Risasi za bastola zinapotea miilini mwao, na kila mlio unaliita dude. Dude lenyewe haliwashughulikii, hivyo usitegemee likusaidie.

Njia ya kwanza ni kuwakwepa, kwa kuwa mwendo wao ni wa pole. Njia ya pili ni umeme: rungu la umeme au bomu la kuzima umeme linawaduwaza, na hapo jeki ya fundi inamaliza kazi. Usiwapige kwa jeki wakiwa timamu, watakushika mkono. Na ukimwona aliyevaa nguo ya kinga ya manjano, weka rungu pembeni, umeme haumpati. Huyo mkimbie.

13. Chezea umeme wa kituo

Ukutani kuna visanduku vya nyaya ambavyo wachezaji wengi huvipita. Amanda anaweza kuhamisha umeme humo: kuzima kamera za ulinzi, kuzima taa, kufungua mlango, kuwasha spika za chumba cha mbali, au kuzima mitambo ya kusafisha hewa hadi eneo likajaa ukungu. Umeme wenyewe una kipimo, kwa hiyo ukiwasha hiki lazima uzime kile.

Fikiria kabla ya kubonyeza. Spika zikilia mbali zitawavuta maadui kwao. Ukungu ukijaa utakuficha machoni. Kufanya hivyo kabla ya kuingia eneo jipya ni sawa na kupanga uwanja wako mwenyewe, na hakukugharimu kifaa hata kimoja.

14. Hospitali ya San Cristobal: pita chumba kwa chumba

Hapa ndipo wengi huweka pedi chini. Ni sura ya tano kati ya 18, na ndiyo mara ya kwanza unapobaki na dude kwa muda mrefu katika eneo dogo. Umetumwa kutafuta vifaa vya kumtibu Taylor, mwenzako aliyeumia. Njia ni korido zinazokunjana, na wewe huna karibu chochote mkononi.

Usiione hospitali nzima. Ona chumba kilicho mbele yako tu. Panga umbali mfupi: kutoka kitanda hiki hadi dawati lile, kutoka dawati hadi mlango. Ukifika, simama, sikiliza, kisha panga mwingine. Karibu kila chumba cha wagonjwa kina kitanda cha kujisitiri chini yake. Likishuka darini, baki ulipo. Likipanda, tembea. Kumbuka Mwongozaji: presha hii ya juu haiwezi kudumu, imeundwa ili ishuke. Ukimaliza San Cristobal kwa utulivu, utakuwa umejifunza gemu nzima. Sura zinazofuata zinaongeza ugumu juu ya somo hilohilo.

15. Chagua ugumu unaoweza kuufurahia

Gemu ina ngazi tano. Ngazi ya chini kabisa, Novice, na ya juu kabisa, Nightmare, ziliongezwa bure baada ya gemu kutoka. Kwenye Nightmare hata kifaa cha mwendo kina hitilafu na hakiaminiki. Huko si mahali pa kuanzia.

Wachambuzi wenyewe waligawanyika kwa sababu ya ugumu na urefu wake. IGN waliipa alama 5.9 kati ya 10. PC Gamer wakaipa 93 kati ya 100. Ni gemu ileile. Aliyeingia akitaka kwenda mbio aliumia, na aliyekubali mwendo wake alifurahi. Ikiwa hofu imekuzidi hata hutaki kuwasha, shusha ngazi bila kusita. Dude litabaki na akili zake, ila utapata nafasi zaidi ya kuzisoma. Cheza pia kwa vipindi vifupi. Saa moja ya umakini inakufikisha mbali kuliko usiku mzima wa uchovu.

16. Kwenye simu, jiandae

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, mlango wa kuingilia Sevastopol ni simu ya mkononi. Feral Interactive, walioipeleka gemu hii Nintendo Switch mwaka 2019, waliileta kwenye Android na iPhone tarehe 16 Desemba 2021, nzima, pamoja na nyongeza zake zote. Unalipa mara moja, na hakuna matangazo ya kukukatiza.

Faili zake ni kubwa, zaidi ya gigabaiti 10, kwa hiyo pakua kwenye Wi-Fi usije ukamaliza bando, na hakikisha kwanza kwamba simu yako imo kwenye orodha ya zinazokubaliwa. Vitufe vya kwenye kioo unaweza kuvihamisha na kuvikuza. Viweke ambapo vidole vyako vinafika bila kuangalia. Ukiwa na pedi ya Bluetooth, iunganishe, kwa kuwa kuchungulia na kuinama kwa pedi ni rahisi zaidi. Zima arifa za simu. Ujumbe ukiingia wakati unabana pumzi kabatini, umekwisha.

Na simu hiyo isiachwe mikononi mwa watoto gemu ikiwa wazi. Imewekewa umri wa miaka 18 kwa mizani ya Ulaya, na inastahili. Mauaji yake ni ya kikatili na hofu yake ni ya kweli.

Hayo ndiyo mambo 16. Ukiyapunguza yabaki matatu, shika haya: sikiliza kabla ya kutazama, sogea likiondoka, na usirudie mbinu moja hadi likaizoea. Usione haya kufa mara nyingi. Kila kifo Sevastopol kina sababu inayoelezeka, na kila mara unapoitambua sababu hiyo, unakuwa mchezaji bora zaidi. Nimecheza gemu nyingi za kujificha, na sijaona nyingine ambayo adui wake anastahili heshima kama huyu. Tarehe 7 Oktoba 2024, gemu ilipotimiza miaka kumi, kiongozi wake wa ubunifu, Alistair Hope, alitangaza kwamba sehemu ya pili inatengenezwa. Basi usiingoje hiyo ukiwa hujamaliza ya kwanza. Rudi hospitalini pale ulipoachia, chutama, na umalize safari ya Amanda.